Kijana mwenye selimundu anapofikia utu uzima: namna ya kuhama kliniki ya watoto bila kupotea njiani

Mtoto aliyeanza kuhudhuria kliniki ya selimundu akiwa amebebwa mgongoni hufikia umri ambao kliniki hiyo si yake tena. Daktari wa watoto aliyemfahamu tangu uchanga humwandikia barua, na miadi inayofuata hupangwa katika jengo jingine, kwa daktari mwingine, pamoja na wagonjwa walio na umri wa wazazi wake. Kwa familia nyingi mabadiliko hayo huja ghafla. Wapo wanaoyapokea na kuendelea na matibabu, na wapo wanaoikunja barua, wakaiweka kabatini, wakarudi hospitalini miezi mingi baadaye kwa mlango wa dharura.

Makala hii inaeleza namna kijana mwenye ugonjwa sugu, hususan selimundu ambayo wananchi wengi huiita sikoseli, anavyopaswa kuandaliwa na kuhamishwa kutoka huduma za kibingwa za watoto kwenda za watu wazima. Mfano unaotumika ni wa mkazi wa Chanika, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, lakini hatua zinazoelezwa zinamfaa pia mkazi wa Mbagala, Bunju, Kibamba au Kigamboni.

Kwa nini suala hili linahitaji uangalizi sasa

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi ya watoto wanaozaliwa na selimundu duniani. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nchini kila mwaka wakiwa na ugonjwa huo. Zamani wengi wao walifariki kabla ya kufikisha miaka mitano kutokana na maambukizi, malaria na upungufu mkubwa wa damu, hivyo suala la kuwahamishia kliniki ya watu wazima halikuwa na uzito lilionao leo.

Hali imebadilika. Chanjo za utotoni, kinga na tiba ya malaria, vidonge vya asidi ya foliki, huduma ya kuongezewa damu salama na dawa ya haidroksiyurea vimewawezesha watoto wengi zaidi kufikia ujana. Utafiti uliofanyika katika nchi nne za Afrika, yaani Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ambao matokeo yake ya awali yalichapishwa mwaka 2019, ulionesha kuwa watoto waliotumia haidroksiyurea walipungukiwa na mashambulio ya maumivu, malaria, mahitaji ya kuongezewa damu na vifo. Aidha, mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Tiba hiyo huhitaji mchangiaji anayeoana na mgonjwa, kwa kawaida ndugu wa damu, na haiwezi kumfikia kila mmoja. Kwa sehemu kubwa ya vijana, matibabu yataendelea kuwa yale ya kliniki ya kila mwezi au kila miezi michache, maisha yote.

Ni hapo hatari ya kipindi cha mpito inapojitokeza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu watoto wenye selimundu katika jimbo la Texas nchini Marekani ulionesha kuwa kati ya kila watoto 100 wenye aina kali ya ugonjwa huo, takriban 94 walifikisha miaka 18. Hata hivyo, watafiti walibaini kuwa vifo vya miaka ya karibuni vilitokea zaidi baada ya umri huo, na baadhi ya vijana walifariki muda mfupi tu baada ya kuhamishiwa huduma za watu wazima. Walikuwa wamevuka utoto salama, wakaangukia katika pengo lililo kati ya kliniki mbili.

Hapa nchini, utafiti wa Muhimbili uliofuatilia wagonjwa wa selimundu 1,725 walioandikishwa kati ya mwaka 2004 na 2009 ulirekodi vifo 86. Wagonjwa wengine 209, sawa na takriban asilimia 12, hawakuonekana tena katika ufuatiliaji. Idadi hiyo ni ya wagonjwa wa rika zote, lakini inatoa fundisho la msingi kwa kila familia: mgonjwa wa kudumu anaweza kupotea machoni mwa hospitali bila mtu yeyote kukusudia hivyo.

Mambo yanayobadilika

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na inampa haki ya kupatiwa matibabu na mzazi au mlezi wake. Siku anapotimiza miaka 18, kijana huwa mtu mzima mbele ya sheria. Hata hivyo, umri wa kupokelewa katika wodi na kliniki za watoto hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, na baadhi huwahamisha vijana mapema zaidi. Kwa sababu hiyo mzazi asisubiri siku ya kuzaliwa ya 18. Aulize mapema, pale pale anapotibiwa mtoto, ni umri gani unaotumika na kijana atapelekwa wapi.

Jambo la kwanza linalobadilika ni nani anayezungumza. Katika kliniki ya watoto, daktari humuuliza mama: mtoto ameumwa mara ngapi, amekunywa dawa, amekula? Katika kliniki ya watu wazima, maswali hayo huelekezwa kwa mgonjwa mwenyewe. Kijana aliyezoea kujibiwa na mama yake hujikuta hajui jina la dawa anayoitumia kwa miaka minane.

La pili ni ridhaa na usiri. Mgonjwa mtu mzima ndiye anayekubali au kukataa tiba, na taarifa zake hazitolewi kwa mzazi bila idhini yake. Mzazi anaweza kuendelea kumsindikiza kijana wake, lakini kwa ridhaa ya kijana huyo.

La tatu ni mgawanyo wa huduma. Daktari bingwa wa watoto humtazama mtoto mzima kwa ujumla wake. Kwa watu wazima, mgonjwa mmoja anaweza kuhudumiwa na bingwa wa magonjwa ya ndani au wa magonjwa ya damu, kisha akapelekwa kwa bingwa wa figo, wa mifupa, wa macho au wa afya ya uzazi. Asipokuwepo mtu wa kuunganisha taarifa hizo, mgonjwa mwenyewe ndiye anayebaki na jukumu la kuzibeba.

Mwili wenyewe hausubiri

Uhamisho huu hufanyika wakati ugonjwa nao unabadilika sura. Katika utoto, tishio kubwa ni maambukizi, bandama kuvimba ghafla, upungufu mkubwa wa damu na kiharusi. Kuanzia ujanani, athari za miaka mingi huanza kujitokeza: figo kupungua nguvu, nyonga kuuma kutokana na mfupa kukosa damu, vidonda vya miguu visivyopona haraka, matatizo ya macho, pamoja na shinikizo katika mishipa ya damu ya mapafu. Vijana wa kiume wanaweza kupata tatizo la uume kusimama kwa muda mrefu kwa maumivu. Wengi hulificha kwa aibu, ilhali ni dharura inayoweza kuharibu uwezo wa kufanya tendo la ndoa.

Kuchelewa kubalehe ni jambo la kawaida kwa wenye selimundu. Kijana wa miaka 16 anaweza kuonekana kama wa miaka 12, akadhihakiwa na wenzake na kuanza kukwepa kliniki anayoiona kuwa ndiyo inayomtofautisha na wengine. Binti naye anahitaji maelezo ya mapema kuhusu ujauzito, kwa kuwa mimba kwa mwenye selimundu huhitaji uangalizi wa karibu, na anayetumia haidroksiyurea anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kupata ujauzito. Wote wawili wanastahili kueleweshwa maana ya kupima vinasaba vya selimundu pamoja na mwenza kabla ya kuamua kupata watoto. Mwenye selimundu akizaa na mwenye vinasaba vya ugonjwa huo asiyeugua, kila mimba huwa na uwezekano wa asilimia 50 wa kupata mtoto mgonjwa.

Mazungumzo ya namna hii ni magumu mbele ya mzazi. Ndiyo maana inashauriwa kuwa kuanzia miaka 13 au 14 kijana apewe dakika chache za kuonana na daktari au muuguzi peke yake katika kila miadi.

Maandalizi kwa hatua za umri

Kuhama hakupaswi kuwa tukio la siku moja. Maandalizi mazuri huchukua miaka kadhaa na hugawanyika katika hatua tatu.

Kati ya miaka 12 na 14, kijana ajifunze ugonjwa wake kwa maneno yake mwenyewe. Aweze kueleza kuwa chembe zake nyekundu za damu hupinda umbo, hunasa katika mishipa midogo na kuleta maumivu. Ajue majina ya dawa zake, saa za kuzinywa, na mambo yanayochochea shambulio la maumivu kama vile kukosa maji mwilini, baridi, homa na kazi za sulubu. Ajue pia kiwango chake cha kawaida cha wingi wa damu. Takwimu hii ni muhimu, kwa sababu daktari asiyemfahamu anaweza kuona kiwango cha chini na kuamua kumwongezea damu, wakati kwa kijana huyo ndicho kiwango anachoishi nacho kila siku.

Kati ya miaka 15 na 16, aanze kutenda. Abebe kadi yake ya kliniki, ahesabu vidonge vilivyobaki na kutoa taarifa kabla havijaisha, ajieleze kwa daktari huku mzazi akisikiliza, na aende mwenyewe dirisha la dawa au maabara mzazi akiwa amekaa kwenye benchi. Makosa yatatokea. Ni afadhali yatokee wakati ambapo mtu mzima yupo karibu kuyasahihisha.

Kati ya miaka 17 na 18, uhamisho wenyewe upangwe. Familia na daktari wa watoto wakubaliane kuhusu hospitali itakayompokea, barua iandikwe, na miadi ya kwanza katika kliniki ya watu wazima iwekwe kabla ya miadi ya mwisho katika kliniki ya watoto. Pale inapowezekana, kijana akaitembelee kliniki mpya mapema, ajue mapokezi yalipo, siku za kliniki na mahali pa kuchukulia dawa. Uhamisho usifanyike wakati kijana amelazwa, ana ujauzito au yuko katikati ya mtihani wa taifa. Asubiri hali itulie.

Kanuni moja ikumbukwe kuliko zote: kijana asitoke katika kliniki ya watoto kwa mara ya mwisho bila tarehe ya kliniki ya watu wazima iliyoandikwa kwenye kadi yake.

Barua ya rufaa iwe na nini

Faili la mtoto mwenye selimundu linaweza kuwa nene kuliko kitabu, na si rahisi daktari mpya kulisoma lote. Barua inayosema tu kwamba mgonjwa ana selimundu na anahamishiwa kwenu kwa matibabu zaidi haimsaidii mtu. Muhtasari unaofaa huchukua ukurasa mmoja au miwili na hueleza mambo yafuatayo:

1. Aina ya selimundu aliyonayo, tarehe na kipimo kilichothibitisha.
2. Kundi la damu, mara alizoongezewa damu, na kama aliwahi kupata madhara ya kuongezewa.
3. Kiwango chake cha kawaida cha wingi wa damu anapokuwa mzima.
4. Dawa anazotumia, kipimo cha kila dawa na tarehe alipoianza, hususan haidroksiyurea.
5. Mara alizolazwa, sababu zake, na historia ya kiharusi, matatizo ya kifua, bandama au upasuaji.
6. Majibu ya karibuni ya figo, ini, moyo na macho.
7. Chanjo alizopata, na dawa au vyakula vinavyomdhuru.
8. Dawa za maumivu zinazomsaidia anapopata shambulio, kwa viwango vyake.
9. Shule au kazi anayofanya, mtu wa karibu wa kuwasiliana naye, na namna anavyolipia matibabu.

Kipengele cha 8 hudharauliwa, lakini wagonjwa wengi wanaufahamu uzito wake. Kijana mkubwa anayefika usiku katika chumba cha dharura akiomba dawa kali ya maumivu anaweza kutiliwa shaka na mhudumu asiyemfahamu. Barua yenye mhuri inayoeleza tiba yake ya kawaida humwondolea mgonjwa usumbufu na humpa mhudumu msingi wa kutenda. Familia itunze nakala mbili za muhtasari huo, moja nyumbani na nyingine anayotembea nayo kijana, na picha yake ihifadhiwe kwenye simu.

Njia ya rufaa kwa mkazi wa Chanika

Chanika ipo katika Wilaya ya Ilala, mwishoni mwa barabara inayotoka katikati ya jiji kupitia Gongo la Mboto na Pugu. Ni umbali wa kilomita 30 na ushei, na foleni huufanya uwe mrefu zaidi. Kwa mgonjwa wa Chanika, Zingiziwa, Buyuni au Msongola, kufika Upanga asubuhi kwa ajili ya kliniki maana yake ni kuondoka nyumbani kabla ya alfajiri na kulipa nauli ya mtu mmoja au wawili kwenda na kurudi. Mzazi alikubali gharama hiyo kwa ajili ya mtoto mdogo. Kijana wa miaka 19 anayeanza kibarua au kujifunza ufundi atajiuliza mara mbili kabla ya kupoteza siku nzima.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa kliniki ya watu wazima uzingatie umbali pamoja na ubingwa. Mfumo wa rufaa nchini huanzia zahanati na kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hadi hospitali ya taifa. Kwa mkazi wa eneo hili, ngazi ya wilaya ni Hospitali ya Wilaya ya Ilala iliyopo Kivule, na ngazi ya mkoa ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Amana. Huduma za kliniki ya selimundu, ambazo kwa muda mrefu zilijikita Muhimbili, zimesogezwa pia katika hospitali za rufaa za mkoa jijini Dar es Salaam, zikiwemo Amana, Temeke na Mwananyamala. Kijana ambaye hali yake ni tulivu anaweza kufuatiliwa Amana na kupelekwa Muhimbili pale inapohitajika uchunguzi au tiba ya juu zaidi. Aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye matatizo makubwa ya figo au moyo, atahitaji kubaki chini ya uangalizi wa mabingwa.

Kituo cha afya cha karibu nacho kifahamishwe. Homa ikimpata kijana usiku, atafikishwa hapo kwanza. Inafaa aandikishwe, aonane na tabibu akiwa mzima, na aache nakala ya muhtasari wake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika mtaa anaweza pia kuombwa kumkumbusha kijana tarehe za kliniki.

Gharama, bima na vitambulisho

Umri wa miaka 18 hubadilisha pia hesabu za fedha. Msamaha wa gharama unaotolewa kwa watoto katika vituo vya Serikali huwahusu walio chini ya miaka mitano. Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, huwahusu walio chini ya miaka 18. Mtoto anayetibiwa kama mtegemezi katika bima ya mzazi naye ana ukomo wa umri. Kwa hiyo kadi iliyotumika miaka yote inaweza kukataliwa mapokezi katika mwezi uleule ambao kijana anahamia kliniki mpya.

Familia ichukue hatua zifuatazo angalau miezi sita kabla. Kwanza, iulize katika ofisi ya NHIF ukomo wa kadi ya kijana na utaratibu wa kujiunga kama mtu mzima au mwanafunzi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, imeweka msingi wa kila mwananchi kuwa na bima, hivyo ni vyema kufuatilia matangazo ya utekelezaji wake. Pili, kijana awe na cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, na atakapotimiza miaka 18 aende kuandikishwa na NIDA ili apate Namba ya Utambulisho wa Taifa. Namba hiyo ndiyo itakayomwezesha kusajili laini ya simu kwa jina lake na kukamilisha taratibu nyingine za kiutu uzima. Tatu, familia isiyo na uwezo wa kulipa iwasiliane na serikali ya mtaa kwa ajili ya barua ya utambulisho, kisha imwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Afisa huyo ndiye mwenye jukumu la kutathmini wanaostahili msamaha. Ni bora kumwona siku ya kliniki ya kawaida kuliko siku ya kulazwa.

Shule ya bweni, chuo na JKT

Kwa vijana wengi wa Kitanzania, uhamisho wa kliniki hugongana na uhamisho mwingine. Mhitimu wa kidato cha nne kutoka Chanika anaweza kupangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni mkoani Ruvuma au Kagera. Mhitimu wa kidato cha sita anaweza kuitwa kujiunga na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Katika hali zote mbili kijana huondoka mbali na kliniki anayoijua, hukutana na hali ya hewa nyingine, na hutakiwa kufanya kazi za nguvu.

Kuficha ugonjwa ili kuepuka kutengwa huleta madhara makubwa. Fomu ya uchunguzi wa afya inayoambatana na maelekezo ya kujiunga na shule ijazwe kwa ukweli. Mkuu wa shule na matroni au patroni wajue kuwa mwanafunzi anahitaji maji ya kunywa wakati wote, mavazi ya kutosha wakati wa baridi na ruhusa ya kwenda hospitali anapopata homa. Anayeitwa JKT awe na taarifa ya daktari na aieleze hali yake mapema, kabla ya mazoezi kuanza. Barua ya rufaa katika hali hizi iandikwe kwa hospitali ya rufaa ya mkoa anakokwenda, na dawa za kutosha zichukuliwe kabla ya safari.

Mzazi anabaki na nafasi gani

Mama aliyekesha na mtoto wake wodini kwa miaka 17 hawezi kuambiwa akae nje siku moja na akaridhika. Wazazi wengi huhofu kuwa kijana atasahau dawa, nao vijana huona wanafanywa watoto. Pande zote mbili zina sababu. Suluhisho ni kukabidhi majukumu kidogo kidogo huku mzazi akibaki mwangalizi: mwezi huu kijana anapanga dawa zake, mwezi ujao anasimamia tarehe za kliniki, baadaye anakwenda peke yake na kurudi na maelezo. Pale anaposhindwa, jukumu lirudishwe kwa muda bila kumdhalilisha.

Inafaa pia wakubaliane mapema kuhusu siku ya dharura. Mgonjwa mwenye maumivu makali au aliyepatwa na kiharusi hawezi kujieleza. Kijana amtaje kwa maandishi mtu anayemruhusu kupewa taarifa zake na kumsemea, na jina hilo liwekwe kwenye faili jipya. Kwa njia hiyo mzazi anaingia katika kliniki ya watu wazima kwa idhini ya mwanawe.

Magonjwa mengine yenye safari kama hii

Selimundu si ugonjwa pekee unaovuka mpaka wa umri. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza huhitaji insulini kila siku, na programu za misaada zinazowapatia watoto insulini na vipimo zina ukomo wa umri. Kijana aulize mapema atapata wapi dawa baada ya hapo, kwa kuwa insulini haivumilii kukatizwa hata kwa siku chache. Aliyefanyiwa upasuaji wa moyo utotoni katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, anaweza kujiona amepona kabisa, lakini anahitaji uchunguzi wa vipindi maishani. Mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi huendelea na sindano za penisilini za kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na kuziacha ni kukaribisha uharibifu mpya wa vali.

Huduma za VVU zina uzoefu wa miaka mingi katika jambo hili. Kliniki za tiba na matunzo, CTC, zimekuwa na vikundi vya vijana wanaokutana siku zao, wakieleweshwa hali zao hatua kwa hatua. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa na kumruhusu mwenye umri wa miaka 15 kupima VVU bila kuhitaji ridhaa ya mzazi. Funzo la vikundi hivyo linafaa kwa magonjwa mengine: kijana hupokea ushauri kwa wepesi zaidi kutoka kwa mwenzake aliyetangulia kuvuka.

Dalili zisizosubiri tarehe ya kliniki

Wakati wa mpito, swali la kwanza huwa ni aende wapi akiugua ghafla. Jibu ni kituo chochote kilicho karibu, hata kama barua ya uhamisho haijafanyiwa kazi. Kijana mwenye selimundu apelekwe mara moja anapopata homa, maumivu ya kifua au kushindwa kupumua vizuri, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, maumivu makali ya kichwa, kupauka ghafla, maumivu yasiyotulizwa na dawa za nyumbani, au uume kusimama kwa maumivu kwa zaidi ya saa 2. Asipewe nafasi ya kusubiri asubuhi.

Ikiwa kijana amekwisha kukosa kliniki kwa miezi au hata mwaka, mlango haujafungwa. Arudi hospitali ya mwisho alikotibiwa na kadi yake ya zamani, aombe muhtasari wa faili lake na barua mpya. Pale ambapo kadi imepotea, namba ya faili au majina kamili na tarehe ya kuzaliwa husaidia kulitafuta faili. Maelezo zaidi kuhusu huduma za afya yanapatikana bila malipo kupitia Kituo cha Mawasiliano cha Wizara ya Afya kwa namba 199.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ametimiza miaka 12 na yupo kliniki ya selimundu, swali la kumuuliza daktari katika miadi ijayo ni fupi: mwanangu atahamia wapi, lini, na tuanze kumfundisha nini leo?